Mbona Mnachanja Wasichana Tu?

Hebu pandisha mkono wa shati lako la shule, uangalie karibu na bega. Wengi wenu mtaona kovu dogo la duara. Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu, uliyochomwa ukiwa mchanga, pengine siku ileile uliyozaliwa. Hukuulizwa. Mama alikubali kwa niaba yako, wewe ukalia kidogo, ukanyamaza.

Sasa ukirudi nyumbani mwombe babu au bibi akuonyeshe mkono wake. Wazee wengi wana kovu jingine, kubwa kuliko lako. Ni la chanjo ya ndui. Ugonjwa huo uliua watu, ukawapofusha wengine, na waliopona walibaki na mashimo usoni maisha yao yote. Leo haupo tena duniani. Mwaka 1980 ilitangazwa rasmi kwamba ndui imekwisha, na ndiyo maana bibi alichanjwa ndui na wewe hukuchanjwa.

Kwa hiyo chanjo si jambo geni kwetu Simiyu. Hata neno lenyewe si la kuazima: kuchanja ni kukata. Wazee walichanja chale na kupaka dawa ili mtu apate kinga, na katika vijiji vingi vya Usukuma bado chale zinachanjwa. (Niseme haraka hapa: wembe mmoja kwa watu wawili unaweza kuwaambukiza UKIMWI na homa ya ini. Usikubali.) Ninachotaka ukione ni kwamba mtu yuleyule anayemkimbia nesi mwenye sindano anaweza kukaa kimya mbele ya mganga, akakatwa kwa wembe mara kumi na asilalamike. Basi si maumivu anayoogopa. Anaogopa nini?

Jibu nililipata vibaya, mwaka 2024, kwa kuharibu kazi yangu mwenyewe.

Siku niliyoongea peke yangu

Mimi nafanya kazi ya elimu ya afya kwa vijana. Aprili 2024 kulikuwa na kampeni ya nchi nzima ya chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. HPV ni virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Nilipangiwa sekondari moja ya kata, nje kidogo ya mji wa Bariadi, nitangulie siku moja kabla ya wachanjaji ili niwaelimishe wanafunzi pamoja na wazazi.

Nilikuwa nimejiandaa kweli. Nilibeba bango kubwa lenye mchoro wa mfuko wa uzazi, nikabeba na takwimu. Nikaongea karibu saa nzima kwa Kiswahili cha chuo kikuu. Akina mama walikaa chini ya mti, wengine na watoto mgongoni, wakanisikiliza kwa adabu. Mwisho nikauliza kama kuna swali. Bibi mmoja akasimama, akauliza kwa Kisukuma, mwalimu akanitafsiria: "Mbona mnachanja wasichana tu?"

Nikatabasamu. Nikamjibu, "Bibi, huo ndio utaratibu wa serikali." Akanitazama, akaketi. Mimi nikaona mambo yameenda vizuri.

Kesho yake wachanjaji walifika na kasha lao la barafu asubuhi na mapema. Karibu nusu ya wasichana waliotakiwa hawakuwapo. Wengine wako shambani wanapalilia pamba, wengine eti wanaumwa, mmoja kaenda kumsalimia shangazi Maswa. Jioni, tukiwa tunasubiri usafiri, nesi mmoja aliyefanya kazi vijijini miaka mingi aliniambia taratibu, "Dada, yule bibi alikuuliza swali hukumjibu. Sasa wamekwenda kujijibu wenyewe."

Na kweli walijijibu. Majibu yao nilikuja kuyasikia baadaye: sindano ya kufunga kizazi, sindano ya majaribio, sindano ya kuwafungulia watoto mlango wa uhuni. Unaona? Swali likiachwa wazi halikai tupu.

Ningemjibu nini?

Nimekuwa na muda wa kufikiri, kwa hiyo acha nimjibu leo kupitia kwako.

HPV huambukizwa hasa kwa kujamiiana, na ni ya kawaida mno kiasi kwamba watu wengi wanaofanya mapenzi hukutana nayo wakati fulani katika maisha yao. Mara nyingi mwili huiondoa wenyewe bila mtu kujua. Lakini aina chache hukaa kimyakimya kwenye mlango wa kizazi, na baada ya miaka mingi, hata kumi au ishirini, seli zilizoharibika hugeuka saratani. Kwa mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 hapa Tanzania waligunduliwa na saratani hiyo, na zaidi ya 6,000 walikufa nayo. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi hivyo nchini mwetu. Mgonjwa wa Bariadi anayehitaji kupigwa mionzi husafiri hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi hufika wakati ugonjwa umeshakomaa.

Wavulana nao huipata HPV na kuisambaza, na inaweza kuwaletea saratani za sehemu nyingine, kama koo na uume. Zipo nchi zinazowachanja na wao. Australia ilianza kuwachanja wavulana mwaka 2013. Kwetu wasichana wametangulizwa kwa sababu wao ndio wanaokufa kwa wingi, na chanjo ilikuwa haijawa ya kumtosha kila mtu. Hilo ndilo jibu. Si siri, na lingenichukua dakika mbili.

Na kwa nini watoto wa miaka tisa? Hapa ndipo baba wengi wanapokasirika, na ninawaelewa. Fikiria sungusungu wa kijiji chenu. Unawaonyesha sura ya mwizi lini, kabla hajaingia zizini au akishaondoka na ng'ombe? Chanjo hufanya kazi hiyo: inaionyesha kinga ya mwili sura ya adui, ili siku akija akute walinzi wameshamjua. Chanjo ya HPV haina hata virusi wenyewe. Ina ganda la nje tu, kama kukuonyesha koti la mwizi bila mwizi ndani. Ndiyo sababu haiwezi kukuambukiza. Na ndiyo sababu inafaa zaidi kabla msichana hajaanza mapenzi, awe atayaanza akiwa na miaka 18 au siku ya ndoa yake. Atakayeolewa akiwa bikira anaweza kuambukizwa na mume wake. Hili wazazi wakiambiwa wazi, wengi husema "kumbe!"

Lile la kufunga kizazi nataka nikae nalo kidogo, maana hulisikia kila ninapokwenda, na wasomi hulicheka. Usilicheke. Kwetu msichana akiolewa kuna ng'ombe wa mahari wanaohama boma. Asipozaa, maneno huanza. Mama anayeogopa sindano inayoweza kumnyima binti yake watoto si mjinga. Anapiga hesabu ya kitu kikubwa kuliko vyote alivyo navyo.

Uvumi wenyewe una umri. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali ya Kenya na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, lakini maneno yalikuwa yameshavuka mpaka. Miaka mingi kabla ya hapo, India, kweli kulikuwa na wanasayansi waliojaribu kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuunganisha homoni hiyo na chanjo ya pepopunda. Jambo hilo lilifanyika wazi na liliandikwa. Lakini ilikuwa dawa nyingine kabisa, si ile iliyopelekwa kliniki. Uvumi mzuri huwa hivyo: una kipande cha ukweli kilichoshonwa kwenye nguo isiyo yake.

Badala ya kubishana, mimi siku hizi nataja Rwanda. Jirani zetu hao walianza kuwachanja wasichana HPV nchi nzima mwaka 2011. Msichana aliyechanjwa akiwa na miaka 12 mwaka ule sasa ni mwanamke wa zaidi ya miaka 25. Wanaolewa, wanazaa kama kawaida. Na Scotland, walipochunguza mwaka 2024 wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hawakukuta hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi.

Kuna na la bure. "Panadol tunanunua, hii mbona bure?" Swali zuri hilo! Mtu aliyezoea kulipia kila kitu lazima ashtuke akipewa bila kulipa. Ukweli ni kwamba si bure, imelipiwa na wengine: serikali yetu pamoja na Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo. Wanalipa kwa sababu kuzuia ni nafuu kuliko kutibu.

Anayesema ni nani?

Tuache HPV kwa muda, tukumbuke korona. Wewe ulikuwa shule ya msingi. Januari 2021, Rais wa wakati huo, John Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka hadharani chanjo za korona na kuitaka Wizara ya Afya isizikimbilie. Alifariki Machi mwaka huo. Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera, Dar es Salaam, na nchi ikaanza kugawa zaidi ya dozi milioni moja za mwanzo. Nchi ileile, ugonjwa uleule, miezi sita tu. Mwananchi wa Itilima au Meatu afuate lipi?

Mwanzoni wengi waliamua kusubiri waone. Vituo vilifunguliwa, wachanjaji wakakaa, watu hawakuja. Baadaye wizara ikabadili mwendo. Wachanjaji wakatoka hospitalini, wakaenda minadani, stendi, makanisani, misikitini, hadi nyumba kwa nyumba, wakiongozana na viongozi wa mitaa na wa dini. Hapo ndipo idadi ilipopanda. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni mtu aliyesimama pembeni ya mchanjaji.

Kwenye kampeni za namna hii nimeona jambo hilo mara nyingi. Mwenyekiti wa kitongoji akitangulia na mjukuu wake, foleni inaundwa. Mchungaji akinyamaza Jumapili, kunyamaza kwake kunasomwa kama jibu. Na katika nyumba nyingi mama anaweza kukubali kabisa lakini akasema, "Nimsubiri baba yake." Baba yuko mnadani na ng'ombe. Wachanjaji wanaondoka kabla hajarudi. Katika kitabu cha kampeni binti huyo ataandikwa hakuchanjwa, na mtu wa mjini atasema wazazi wake walikataa. Hawakukataa.

Hofu inaposambaa

Mwaka 2008 huko Morogoro, wanafunzi wa shule za msingi walipewa vidonge vya kichocho. Si chanjo, lakini somo ni lilelile. Vidonge hivyo huchafua tumbo, hasa kama mtu hajala, na watoto wengine wakatapika na kuumwa. Ukaenea uvumi kwamba kuna watoto wamekufa. Wazazi wakakimbilia shuleni kwa hasira kuwachukua watoto wao, vurugu zikawa kubwa. Hakuna aliyekuwa amewaambia mapema kwamba kichefuchefu kinaweza kutokea.

Colombia, Amerika ya Kusini, mwaka 2014, wasichana katika mji mmoja mdogo walianza kuzimia baada ya chanjo ya HPV, mmoja baada ya mwingine. Video zikasambaa. Uchunguzi haukuona kosa katika chanjo, lakini nani alisubiri uchunguzi? Nchi ambayo mwaka 2012 ilikuwa inachanja zaidi ya wasichana 9 kati ya 10, miaka minne baadaye ilikuwa inachanja chini ya 2 kati ya 10.

Sisi habari ya wasichana kuanguka-anguka shuleni tunaijua. Mmoja akianguka, watano wanafuata, na hawaigizi. Hofu huambukiza. Basi ujue mapema: baada ya chanjo mkono utauma siku moja au mbili, unaweza kupata homa kidogo au kichwa kuuma, na wengine hupata kizunguzungu kwa sababu ya woga au njaa. Kula kwanza. Kaa chini dakika 15 baada ya kuchomwa. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, na ndiyo maana nesi hakuruhusu uondoke mara moja.

Kwa wale wanaoogopa sindano yenyewe, mnayo kampani nzuri. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia. Aliwahi hata kufanya kazi na wachanjaji wa ndui, lakini mwenyewe alikwepa kuchanjwa kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 alipanda gari pamoja na wagonjwa wawili wa ndui ili aonyeshe njia, safari ya dakika chache tu. Akaugua. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na alipokuwa mtu mzima alizunguka Somalia kuwahimiza wazazi wachanje watoto wao polio, akiwasimulia kosa lake. Alikuwa bado kwenye kazi hiyo alipofariki kwa malaria mwaka 2013.

Njia ndefu, siku mbaya

Si kila asiyechanjwa ana hofu. Kuna mwenye umbali tu. Zahanati iko kilomita nyingi, bodaboda ni pesa, msimu wa kupalilia hausubiri, na mvua ikinyesha njia haipitiki. Tanzania ilipoanza chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, ilikuwa dozi mbili, miezi sita kati yake. Wasichana wengi walipata ya kwanza, wachache zaidi wakarudi kwa ya pili. Walihama, waliacha shule, walimaliza darasa la saba, wakasahau.

Jambo hili lilitatuliwa kwa msaada wa wasichana wa jirani kabisa na sisi. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa Mwanza, wenye miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote waliopata dozi moja tu bado walikuwa na kinga dhidi ya aina ya HPV iliyo hatari kuliko zote. Utafiti mwingine ulifanyika Kenya, nao ukaonyesha dozi moja inalinda. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko. Kwa hiyo ukisikia "majaribio", waambie: ndiyo, yalifanyika, kwa ridhaa ya wazazi, Mwanza, na sisi ndio tunaofaidi.

Sasa zamu yako. Nyumbani kwenu nani anasoma barua ya shule? Katika familia nyingi ni wewe. Wewe ndiye unayemtafsiria bibi kwa Kisukuma, na ukiwa mwoga wa sindano unaweza "kuisahau" barua kwenye daftari la hesabu. Najua, nimezikuta. Kama una miaka 14 au chini na hujachanjwa, uliza kwa mwalimu wa afya au zahanati. Kama umepita umri huo, hujachelewa kila kitu: kondomu hupunguza hatari ingawa haiiondoi yote, na wanawake wakifika miaka 30 wanaweza kupimwa mlango wa kizazi na kutibiwa kabla haijawa saratani. Mwambie na mama.

Miezi michache baada ya lile bango langu nilirudi kijijini pale, safari hii bila bango. Nilikwenda na yule nesi. Tuliketi na akina mama chini ya mti uleule, nesi akaongea Kisukuma, na alipoulizwa kama wa kwake amechanjwa akajibu, "Wangu alikuwa wa kwanza, mwaka ule wa 2018." Yule bibi alikuwapo. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamjibu swali lake lote, kuanzia wavulana hadi ng'ombe wa mahari. Aliniuliza mengine manne.

Asubuhi yake alikuja zahanati na mjukuu wake wa Kidato cha Kwanza, na nyuma yao mwingine mdogo. Mkubwa akachomwa, akakunja uso, basi. Bibi akamsogeza mdogo mbele. Nesi akauliza umri: miaka minane. Akaambiwa asubiri afikishe tisa. Bibi akanigeukia mimi, akasema neno, nesi akacheka kabla ya kunitafsiria: "Anasema wewe ndiye utakayechelewa, si yeye."